Aida mbele ya Bibi: Uhakiki Mfupi

Mjukuu anayesafiri na bibi yake hadi Verona, Italia, kwa kawaida humpeleka Arena, uwanja wa mawe uliojengwa na Warumi, ambamo opera huimbwa usiku wa kiangazi. Aida ya Giuseppe Verdi ndiyo iliyofungua tamasha hilo mwaka 1913. Kazi hii inatuhusu: mhusika wake mkuu ni binti wa mfalme wa Ethiopia aliye mtumwa nchini Misri, na ilionyeshwa mara ya kwanza Cairo mwaka 1871.

Kwa upande wa fani, gwaride la ushindi limesifiwa kupita kiasi. Tarumbeta na umati huwameza wahusika. Ufundi wa Verdi uko mwishoni: juu hekalu, chini kaburi, na wapenzi wawili wanaimba polepole mpaka pumzi inakwisha. Hapo bibi asiyejua hata neno moja la Kiitaliano hahitaji mkalimani.

Lakini mwaka 2022 baadhi ya waimbaji wazungu walipakwa rangi nyeusi usoni katika Aida ya Arena. Angel Blue, mwimbaji mweusi wa Marekani, akajitoa katika La traviata iliyokuwa ifanyike humo humo. Wapo wanaotetea rangi hiyo kuwa ni mapokeo ya jukwaa. Sisi hatukubali. Muziki umekwisha kutuambia kuwa Aida ni mateka anayelilia nchi yake. Masizi yanamgeuza kinyago tu, tena mbele ya mzee wa Kiafrika aliyetolewa mbali kuja kuona uzuri.

Mjukuu amdokeze bibi mapema. Abebe na mto wa kukalia, maana ngazi zile ni mawe matupu na Aida humalizika baada ya saa sita usiku.