Jicho la Kamera na Ulimi wa Diouana

Ni desturi iliyozoeleka katika madarasa yetu ya fasihi kuigawa kazi ya sanaa mafungu mawili: maudhui upande huu, fani upande ule. Mwanafunzi hutaja kwanza dhamira na ujumbe; kisha, kama muda wa mtihani ungalipo, huongeza mbinu mbili tatu za usanii, mithili ya mtu atiaye chumvi chakula kilichokwisha kuiva. Katika riwaya na ushairi ugawaji huu una madhara yake, lakini huvumilika. Katika sinema hauvumiliki. Ukiondoa namna picha ilivyopigwa na ilivyoungwa na picha nyingine, hubakiwi na ujumbe, bali na muhtasari ambao gazeti lingeweza kuuandika kwa mistari mitano.

Tungependa kuyaonyesha hayo kwa kazi moja, nayo ni La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegal. Sinema hii ya muda wa saa moja hivi, isiyo na rangi, ilitoka mwaka 1966 na mwaka huohuo ikapewa tuzo ya Jean Vigo huko Ufaransa. Chimbuko lake ni hadithi fupi ya Sembène mwenyewe iliyomo katika kitabu chake cha mwaka 1962. Msichana Diouana anaajiriwa mjini Dakar na familia ya Kifaransa ili awalee watoto. Familia hiyo inampeleka Antibes, kusini mwa Ufaransa, na huko anajikuta mpishi, dobi na mfagiaji, asiyetoka nje wala kulipwa ipasavyo. Mwishowe anajiua.

Jina la sinema lenyewe ni somo kwa mwalimu wa lugha. Tukilifasiri tutapata "Mwanamke Mweusi wa...", kisha nukta tatu. Wa wapi? Au wa nani? Kiunganishi hiki chetu cha -a, sawasawa na kile cha Kifaransa, chaweza kutaja mahali mtu atokapo na chaweza kumtaja mwenye mali. Sembène ameliacha pengo hilo wazi, na sinema nzima ni jitihada ya kulijaza.

Kabla ya kuendelea, tuyataje maneno tutakayoyatumia. Picha ya mbali humwonyesha mtu pamoja na mazingira yake. Picha ya karibu huujaza uso mmoja, au kitu kimoja, katika kioo chote. Mkato ni pale picha moja inapokoma na nyingine kuanza papo hapo. Wapo wadhaniao kwamba mkato ni gundi tu ya kuunganishia vipande. Yapata mwaka 1920, Mrusi Lev Kuleshov alionyesha vingine. Aliuchukua uso uleule wa mwigizaji mmoja, akauunga mara na sahani ya mchuzi, mara na jeneza, mara na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, kisha huzuni, kisha tamaa, ilhali uso haukubadilika hata kidogo. Maana haikuwamo katika picha ya kwanza wala ya pili. Ilizaliwa kwa kukutanishwa kwao. Sembène alisomea sinema Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kanuni hii aliijua barabara.

Tuitazame sasa kazi yake. Mwanzoni, Diouana anaposhuka melini na kupelekwa kwa gari, tunaiona pwani ya Ufaransa kwa mapana yake. Mlango wa nyumba ukishafungwa, mapana yale yanatoweka. Zinabaki kuta nyeupe, jiko, bafu na chumba cha kulala. Ndipo Sembène anapotumia kisengerenyuma: mkato mmoja unaturudisha Dakar, ambako Diouana anatembea barabarani, anabisha hodi akitafuta kazi, anakaa na wanawake wenzake kungojea waajiri. Dakar ameipiga picha nje, penye jua na nafasi. Antibes ameipiga ndani. Hatuhitaji mhusika wa kutuambia kwamba nchi aliyoitamani msichana huyu imekuwa gereza. Tunaambiwa na ukubwa wa picha, na mikato ndiyo inayotulazimisha kulinganisha.

Kipo pia kinyago. Diouana aliwapa waajiri wake kama zawadi walipokuwa Dakar. Huko Antibes tunakikuta kimetundikwa peke yake juu ya ukuta mweupe, na kamera inakirudia tena na tena. Kinyago hakibadiliki, kama ule uso wa Kuleshov. Kilichobadilika ni kile kilichounganishwa nacho. Kikiwa mikononi mwa mtoto wa Dakar ni mchezo, kikitolewa ni heshima, kikiwa ukutani ni pambo la mwenye nyumba. Na Diouana anapokiteremsha na kugombea kukirudisha mikononi mwake, kinakuwa nafsi yake mwenyewe. Mwanafunzi aandikaye kwamba "kinyago ni ishara ya Afrika" hajakosea, ila amesema machache mno.

Kifo chenyewe hakikurefushwa ili tulie. Tunaliona beseni la kuogea. Kisha, kwa mikato michache, gazeti lenye habari fupi ya kifo hicho, na watu wanaota jua ufukweni. Hasira ya mtunzi imo katika ujirani huo wa picha.

Hata hivyo sinema hii ina kasoro, nasi hatuna budi kuitaja, kwa kuwa inatuhusu walimu wa lugha kuliko watu wengine. Mbele ya waajiri wake Diouana husema maneno machache mno, aghalabu ya kuitikia amri. Moyoni anasema mengi, nasi tunamsikia; lakini anayasema kwa Kifaransa fasaha, na sauti yenyewe si ya Mbissine Thérèse Diop, mwigizaji tunayemwona. Msichana aliyenyang'anywa kila kitu anawaza kwa ulimi wa waliomnyang'anya. Wako watakaosema kwamba huko nako ni kunyang'anywa. Sisi twaona kwamba mara nyingi sauti hiyo inaeleza kile ambacho picha imekwisha kukisema, na kwa kukieleza inakipunguza. Sembène mwenyewe alisonga mbele: katika Mandabi ya mwaka 1968 wahusika wanazungumza Kiwolof.

Uthabiti wa maoni haya unaonekana mwishoni, ambapo maneno hayana kazi. Mwajiri amekwenda Dakar kurudisha sanduku, kinyago na mshahara wa marehemu. Mama anazikataa fedha. Mtoto anakivaa kinyago na kumfuata yule bwana. Kamera inamwonyesha bwana, inaonyesha kinyago. Bwana anageuka, anaharakisha mwendo, kinyago kinamfuata. Mikato hiyo ya zamu kwa zamu inageuza mtoto mmoja kuwa dai ambalo mtu huyu hawezi kulikimbia. Kisha, kwa picha ya karibu, mtoto anakiteremsha kinyago, na uso wake unatutazama sisi.

Wanafunzi wetu hutazama picha nyingi kuliko kurasa wasomazo. Katika vibanda vya video vya Kampala, kwa miaka mingi wafasiri wamekuwa wakitia maneno yao juu ya picha za watu, na watazamaji hujua vema wapi mfasiri anaongeza lake na wapi picha inasema yenyewe. Ujuzi huo wanao tayari. Wanachokosa ni istilahi na mazoezi. Twapendekeza basi kwamba mwalimu achague dakika kumi za sinema na kuzionyesha mara mbili, mara ya pili bila sauti. Wanafunzi wahesabu mikato, waandike ni nani aliyepewa picha ya karibu na nani amewekwa mbali, kisha waeleze kwa Kiswahili sababu ya hayo. Atakayeweza kujibu kwa nini Diouana hakuonyeshwa akitembea katika barabara za Antibes kama alivyotembea katika zile za Dakar, huyo atakuwa ameyapata maudhui pamoja na fani kwa jibu moja.