Sindano ya Mwezi Elwak

Fluphenazine decanoate, dawa ambayo wauguzi wengi nchini Kenya wanaijua zaidi kwa jina la dukani, Modecate, imeyeyushwa ndani ya mafuta ya simsim. Ni nzito na haitaki haraka. Muuguzi anayeijua kazi yake huchukua sindano nene, akahakikisha kuwa bomba na sindano vyote ni vikavu, kwa sababu tone la maji huitia dawa ukungu, kisha akaivuta polepole mpaka afike kipimo anachotaka. Huisogeza ngozi ya tako upande mmoja kabla ya kudunga, ili akiiachilia, njia ya sindano ijifunge na mafuta yasivuje. Husukuma taratibu huku akimuuliza mgonjwa kama ngamia wamepata maji. Hasugui mahali pale baadaye. Kazi yote ni ya dakika chache, na mtu aliyekuwa akisikia sauti zikimtukana usiku kucha anaondoka na tiba ya wiki nne mwilini, bila kidonge cha kusahau wala cha kuficha chini ya ulimi.

Wiki nne zina uzito wake Elwak. Mji huu uko kusini mwa Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Somalia, kwenye barabara itokayo Wajir kwenda Mandera mjini, zaidi ya kilomita 800 kutoka Nairobi. Ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Gedo, kuna mji wa pili wenye jina hilohilo, na jamaa wa ukoo mmoja wanaishi pande zote mbili. Mifugo ikihama, familia inahama nayo. Mgonjwa anayepewa vidonge vya siku saba na kuambiwa arudi Jumatatu amepewa amri isiyotekelezeka. Anayedungwa siku aliyokuja sokoni kuuza mbuzi, akapangiwa tarehe ambayo familia yake itakuwa sokoni tena, ana sababu mbili za kurudi.

Kurudi ndiko kila kitu katika tiba ya akili ya jamii. Madaktari wengi wa mjini huizungumzia kazi hii kana kwamba ni tiba ya pili, ya mahali pasipo na wodi. Sikubaliani nao. Thomas Adeoye Lambo, daktari wa Nigeria, alipoanza kazi Aro karibu na Abeokuta mwaka 1954, aliwapangia wagonjwa wake makao katika nyumba za vijiji vya jirani, kila mmoja na ndugu wa kumtunza, wakawa wanakwenda hospitalini mchana kutibiwa. Ni kweli kwamba majengo yalikuwa bado hayajakamilika, lakini alichokigundua hakikuwa cha kungojea saruji ikauke: mgonjwa aliyetibiwa akiwa na watu wake hahitaji kufundishwa upya namna ya kuishi nao. Tanzania nayo ilianzisha vijiji vya wagonjwa wa akili, Hombolo karibu na Dodoma kikiwa mojawapo. Kenya kwa muda mrefu iliegemea Mathari, hospitali ya Nairobi ambayo historia yake inaanzia 1910, na kwa mtu wa kaskazini mashariki Mathari ilikuwa nchi nyingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 867,457 Mandera peke yake. Ukiongeza Wajir na Garissa wanakaribia milioni mbili na nusu. Huwezi kuwasafirisha wagonjwa wao wote kwa basi.

Kuingia katika nyumba ya mtu kuna adabu zake, na hapo ndipo mwanagenzi anapotambulikana. Aliyezoea wodi huingia akimtafuta mgonjwa. Fundi huingia akimtafuta mzee wa nyumba. Anatoa salamu kamili, anavua viatu, anaketi mkekani, anakunywa chai ya maziwa mpaka iishe. Kama kuna mnyororo kwenye nguzo ameshauona, na hasemi kitu. Mara nyingi aliyeufunga ni mama mzazi, na hofu yake si ya kubuni: kijana akitoka mbio kuelekea porini wakati wa jua la saa nane, bila maji, anaweza asionekane tena. Kwa hiyo fundi humuuliza mama maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Nani anamlisha? Mama mwenyewe hulala saa ngapi? Siku gani ya mwisho kijana aliomba chai kwa mdomo wake?

Mnyororo hujadiliwa baada ya dawa kuanza kushika, si kabla. Kwanza unafunguliwa wakati wa kula, halafu wakati wa swala, halafu usiku, kaka mtu akilala mlangoni. Huko Somalia, Shirika la Afya Duniani liliendesha mpango wa kuondoa minyororo ulioanza hospitalini, ukaenda majumbani, na mpangilio huo una hekima, kwa kuwa mama huamini zaidi akiona kwanza. Wapo wanaotaka ukatwe siku hiyohiyo, picha ipigwe. Sijui picha hizo humsaidia nani mfadhili akishaondoka.

Uchunguzi wenyewe ni sanaa nyingine. Vitabu vinamtaka mgonjwa atoe saba kutoka mia, atoe saba tena, aendelee hivyo. Mchungaji ambaye hajawahi kuketi darasani atashindwa na hesabu hiyo akiwa mzima kabisa. Lakini mwombe ataje nasaba yake, abtirsi kama Wasomali wanavyosema: jina la baba, babu, baba wa babu, mpaka juu. Ni jambo alilofundishwa utotoni. Mtu mzima akikwama kwenye jina la tatu, au akiingiza malaika kati ya babu zake, muuguzi ameshapata alichokuwa akitafuta, na amekipata bila kumdhalilisha mwenye nyumba mbele ya wanawe.

Swali la kujiua lina njia yake pia. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilimfanya aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mahakama haiwezi kuondoa uzito wa dini, wala haikukusudia, na mtu wa Elwak akiulizwa waziwazi kama anataka kujiua atajibu "Astaghfirullah" na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Fundi huuliza: "Mzee, umewahi kumwomba Mungu akuchukue?" Hapo mzee hunyamaza, hutazama mkeka, na mara nyingine huanza kusema.

Atasema nini inategemea kama muulizaji anajua mji huu ulipitia nini. Oktoba 2008 operesheni ya vikosi vya usalama iliifikia Elwak na miji mingine ya Mandera, na mwaka uliofuata Human Rights Watch ikaandika juu ya mateso na ubakaji uliofanyika. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa karibu na Elwak. Abiria Waislamu walikataa washambuliaji wawatenge na Wakristo, na mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi siku hiyo, alifariki Januari 2016. Kati ya 2020 na 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Mfugaji aliyepoteza ngamia wake hatasema ana huzuni. Atasema kifua kinambana, kichwa kinawaka moto, chakula hakipiti. Anaweza kupewa dawa za vidonda vya tumbo mara tatu kabla ya mtu yeyote kumuuliza amebaki na mifugo mingapi. Kijana wa mjini yeye ataulizwa habari za miraa: anatafuna saa ngapi, na baada ya kutafuna analala lini.

Kuna jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalomtenga fundi na wengine wote. Haloperidol, dawa nyingine ya kutuliza akili, inaweza, katika siku za mwanzo, kuikunja shingo ya mgonjwa upande mmoja, kuyapandisha macho juu na kuukaza ulimi. Familia iliyokwisha kuamini kwamba kuna jini ikiona hivyo haina shaka tena: jini amekasirishwa na dawa. Mgonjwa anarudishwa kwenye mnyororo, vidonge vinatupwa, na muuguzi hatafunguliwa mlango. Tiba ya tatizo hilo ni rahisi, benzhexol au sindano ya promethazine, na shingo hunyooka upesi. Lakini sindano hiyo haina faida kama hakuna aliyeitwa kuidunga. Fundi humaliza jambo hili siku ya kwanza, mbele ya wote: "Shingo ikipinda, macho yakipanda, ni dawa, si jini. Nipigieni simu hata usiku." Ikitokea, ametabiri. Imani inayojengwa na utabiri huo hudumu miaka. Benzhexol yenyewe anaigawa kwa kuihesabu, kwa kuwa vijana wameigundua na hawaitumii kwa shingo.

Katika ziara zinazofuata haketi tu kuuliza "unaendeleaje?" Anamwomba mgonjwa atembee hadi uani na kurudi, anatazama kama mikono inapunga au imening'inia. Anatazama kikombe cha chai kinavyotetemeka kikielekea mdomoni. Ameshajua kipimo kipunguzwe au la kabla mgonjwa hajajibu neno.

Sheikh hasukumwi kando. Familia nyingi zitakuwa zimepita kwa msomaji wa ruqya, kisomo cha Kurani cha kuponya, kabla ya hospitali, na zitaendelea. Mhudumu anayemdharau sheikh hupoteza mgonjwa. Anayemtembelea na kukubaliana naye mambo mawili, kwamba asomaye asipige na kwamba dawa isikatizwe, hupata msaidizi mwenye sauti kubwa kuliko yake. Mwezi wa Ramadhani makubaliano hayo hupimwa. Dawa nyingi zinahamishika: ya mara moja inanywewa usiku, ya mara mbili inakaa kwenye futari na daku. Lithium ndiyo ya kuogopwa. Mtu akifunga katika joto la Elwak, maji yakapungua mwilini, dawa hiyo hujikusanya kwenye damu na inaweza kumtia sumu. Mpango wake hupangwa mapema, kabla ya Shaabani kwisha, sheikh akiwa kikaoni.

Halafu kuna rejista. Majina ya Kisomali ni ya mtu, baba na babu, na katika kliniki moja wanaweza kuwamo kina Mohamed Abdi wengi. Rejista nzuri huongeza jina la mama, jina la bula, yaani makazi yake, simu ya ndugu ambaye hahami, na kisima ambako familia hunyweshea wakati wa kiangazi. Mgonjwa asipotokea siku ya sindano, ukurasa huo mmoja unamwambia mhudumu wa afya ya jamii aanzie wapi kumtafuta. Nimeona rejista za hospitali kubwa zenye safu kumi na mbili za uchunguzi na hakuna hata moja ya namna ya kumpata mtu.

Kwa kijana anayefikiria kazi hii, njia zipo. Muuguzi na afisa wa kliniki wanaweza kuongeza stashahada ya juu ya afya ya akili katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Daktari anasomea uzamili, katika Chuo Kikuu cha Nairobi au cha Moi. Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na sheria ya afya ya akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022 inazitwika kaunti wajibu wa wazi. Mafunzo ya wodini humwonyesha mwanafunzi mgonjwa akiwa katika hali mbaya kuliko zote. Elwak humwonyesha mtu huyohuyo akichunga, akioa, akigombana na shemeji kama watu wote. Bila kuona hayo, daktari hajui anamrudisha mgonjwa wapi.

Upweke upo, na hauponywi kwa kusifiwa. Baada ya mashambulizi ya Mandera ya Novemba na Desemba 2014, wahudumu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi waliondoka, na sikuwahi kuwalaumu. Anayebaki anahitaji mkubwa wake wa kazi wa kumpigia simu kila wiki, likizo isiyoahirishwa na mwenzake wa kumpokea. Wazaliwa wa kaunti hizi wanaosomea fani hii ndio nguzo yake, kwa lugha na kwa kukaa, ingawa nao wana mzigo wao: mgonjwa anaweza kuwa binamu, na siri ya binamu inataka mdomo mzito.

Kinachokera ni kingine. Imekuwa kawaida nchini kumsomesha muuguzi afya ya akili, kisha akirudi akapangiwa zamu ya wodi ya uzazi kwa sababu huko kuna upungufu. Rejista inafungwa, na sindano ya mwezi inakosa mkono. Ninyi mnaopanga zamu katika kaunti hizi tatu, mwacheni muuguzi huyo kwenye rejista yake, mpeni pikipiki yenye mafuta, na agizeni Modecate kabla haijaisha.