Uzoefu ni wa Nani?

Rafiki yangu alinitumia kiungo cha ukurasa wake saa mbili usiku, na chini yake ujumbe mfupi: "Nirekebishie Kiswahili tu. Mengine usiguse." Tulisoma wote sekondari Nachingwea. Mimi nikaenda kwenye fasihi, sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya umahiri. Yeye akaenda kwenye kompyuta, na sasa yuko Dar es Salaam akijitafutia riziki kama mbunifu wa kujitegemea wa kile kinachoitwa uzoefu wa mtumiaji, au kwa herufi mbili ambazo wenyewe wanazipenda, UX. Ni kazi ya kupanga namna mtu anavyokutana na programu ya simu au tovuti: aanzie wapi, abonyeze nini, akikosea arudi vipi. Ukurasa wake ni wa kuwaonyesha wateja kwamba kazi hiyo anaiweza.

Mimi nilikuwa Matambarale, Ruangwa, kwa bibi yangu, msimu wa korosho. Mtandao huko una mahali pake pa kusimama, kwa hiyo niliusoma ukurasa nimesimama.

Unaanza na picha yake akiwa na kalamu mkononi, anatazama pembeni. Chini ya picha: "Ninageuza matatizo magumu kuwa suluhisho rahisi." Inafuata mistari ya rangi inayopima ujuzi wake: Figma asilimia 95, utafiti wa watumiaji asilimia 85, uandishi wa maneno ya kwenye skrini asilimia 80. Kisha kazi tatu, kila moja na picha mbili za simu, ya "kabla" na ya "baada". Kisha orodha ya huduma. Mwisho kitufe: "Tufanye kazi pamoja."

Nilisahihisha vitenzi viwili na nukta moja, nikabaki na wasiwasi ambao si wa sarufi. Nikafungua kurasa nyingine kumi na kitu, za wabunifu wa Nairobi, Kampala, Lagos, Berlin. Zilifanana kama ndugu. Picha ya pembeni ipo, sentensi ya kugeuza magumu kuwa rahisi ipo, mistari ya asilimia ipo, kabla na baada ipo, kitufe kipo. Huu ni utanzu kamili. Una fomyula ya kufungulia na ya kufungia kama ngano, na kama ngano, unaweza kuhakikiwa.

Katika fasihi simulizi tunao utanzu wa jirani yake: majigambo. Mtu anasimama, anajitaja, anajisifu kwa nafsi ya kwanza kwa mambo aliyoyatenda vitani, kwenye uwindaji au shambani. Wahaya wana vivugo vyao. Kwa hiyo sina ugomvi na kujisifu, na anayedhani mbunifu anayejinadi ana kiburi hajawahi kutafuta kazi. Ila majigambo hutolewa mbele ya watu. Akitaja vita, aliyekuwepo anasikiliza. Akizidisha chumvi, chumvi hiyo inajulikana na inachekewa. Ukurasa wa mbunifu una msemaji lakini hauna shahidi. Asilimia 85 ya utafiti wa watumiaji ni asilimia 85 ya nini? Nani alipima, na zile 15 zilizobaki ziko wapi? Kazi tatu za rafiki yangu zina picha sita za simu, na hakuna mkono hata mmoja ulioishika simu.

Halafu kuna lile neno lenyewe. Kwa Kiingereza lina maana mbili: yale yanayompata mtu, na ujuzi unaotokana na kufanya jambo kwa muda mrefu. Watafsiri walichagua "uzoefu", na uzoefu kwa Kiswahili umelalia upande wa pili. Unatoka kwenye kuzoea. Mwenye uzoefu ni aliyerudia jambo mpaka mwili umelijua: dereva wa lori, mkunga, mpuliza salfa kwenye mikorosho. Kama tungetaka maana ya kwanza, tungesema yanayompata mtumiaji, au anayoyapitia. Kwa hiyo tafsiri imekosea. Lakini imekosea vizuri, kwa sababu inasema jambo ambalo kurasa hizi hazilisemi: kwamba mtumiaji ana ujuzi wake, na ujuzi huo ni mali yake. Sasa soma tena sentensi ya rafiki yangu: "Nina uzoefu wa miaka mitatu katika uzoefu wa mtumiaji." Uzoefu wa kwanza ni wake. Wa pili ni wa nani?

Wa pili, kwa mfano, ni wa bibi yangu.

Bibi hasomi, ila tarakimu anazijua zote. Anauza korosho kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani kama wakulima wengine wa huku: anapeleka mzigo chama cha msingi, unakwenda ghalani, unapigwa mnada, na fedha zinaingia benki. Kutoka benki anazihamishia kwenye simu yake, kitochi chenye vitufe vilivyofutika namba, kisha anakwenda kutoa kwa wakala. Menyu ya benki anaijua kwa wimbo wake mwenyewe: nyota, namba, reli, halafu mbili, moja, kiasi, namba ya siri, moja. Mbili ilikuwa kuhamisha fedha kwenda kwenye simu. Moja ilikuwa namba yangu mwenyewe. Moja ya mwisho ilikuwa kukubali. Kwa miaka mingi hakuhitaji kumwita mtu. Huo ndio uzoefu: kidole kinajua njia bila macho.

Kisha mtu fulani, mahali fulani, akapanga menyu upya. Mbili ikawa kununua muda wa maongezi. Bibi akapiga wimbo wake kama kawaida: mbili, moja, shilingi elfu ishirini, namba ya siri, moja. Simu ilimuuliza kama anathibitisha, kwa Kiswahili sanifu kabisa, na yeye akathibitisha, kwa sababu moja ya mwisho siku zote imekuwa ndiyo. Alikwenda kwa wakala na kurudi mikono mitupu, akiwa na muda wa maongezi ambao asingeumaliza kabla ya masika. Tangu siku hiyo simu anaishika mtoto wa shangazi yangu, yuko darasa la tano. Namba ya siri sasa inajulikana na watu watatu: bibi, mtoto na mwenye duka.

Sidhani kama aliyepanga upya alikuwa mjinga. Inawezekana takwimu zilimwonyesha kwamba wengi hununua muda wa maongezi, akaamua kuusogeza juu wapate kuufikia haraka. Kwa wengi huenda aliwasaidia. Lakini ninaweza kuuona ukurasa wake wa kujitambulisha, kwa sababu ya pili kati ya kazi tatu za rafiki yangu ni zoezi alilojipa mwenyewe, kupanga upya menyu ya huduma ya fedha. Kabla: hatua saba. Baada: hatua tano. Utanzu huu hauna mahali pa kuandika kwamba kwa mtu aliyezihesabu zile hatua saba kwa kidole, tano si pungufu. Tano ni nyumba ya watu wengine. "Kabla" ya mbunifu mara nyingi ni "mazoea" ya mtu, na ukurasa unaiweka pale ili msomaji aione mbaya.

Si lazima iwe hivyo, na mfano hauko mbali. Mwaka 2005 nchini Kenya, majaribio ya M-Pesa yalilenga kuwawezesha watu wenye mikopo midogo kurejesha fedha kwa simu. Walioyasimamia, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliandika baadaye jinsi watu wa majaribio walivyoanza kuitumia huduma ile kwa mambo mengine, hasa kutumiana fedha wao kwa wao. Ilipozinduliwa Machi 2007, urejeshaji wa mikopo haukuwa tena kiini chake. Ilisimama juu ya jambo moja rahisi, kutuma fedha nyumbani, na mwaka 2008 ikafika Tanzania. Hayo pia ni majigambo, na ni makubwa, lakini shujaa aliyemo ni mtumiaji aliyekwenda kinyume na mpango, na sifa ya wabunifu ni kwamba walimfuata.

Na mfano wa upande mwingine tunao hapa hapa kwa majirani zetu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwenye karatasi ulipendeza: zaidi ya ekari milioni tatu, matrekta, bandari Mtwara, reli kutoka pwani hadi Nachingwea. Walioujua udongo na mvua ya nchi hii waliingia kwenye mradi kama vibarua. Mwaka 1951 ulifutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na miaka ya 1960 reli nayo iling'olewa. Reli pekee iliyobaki ni ile ya kwenye kitochi cha bibi. Ninautaja mradi ule kwa sababu na wenyewe uliwasilishwa kwa kabla na baada: kabla pori, baada mashamba. Kabla ile ilikuwa na watu ndani yake.

Niliyaandika haya yote kwa rafiki yangu, kwa ufupi kidogo. Alinipigia asubuhi.

"Ndugu yangu, nilikuomba Kiswahili."

Nikamwambia hiki ndicho Kiswahili. Akacheka, kisha akanieleza jambo ambalo mhakiki husahau akikaa sana maktaba. Anayelipa na anayetumia ni watu wawili tofauti. Bibi yangu hatafungua ukurasa ule maisha yake yote. Atakayeufungua ni meneja mwenye kurasa arobaini za kupitia, na kila mmoja anampa sekunde kumi. Akikuta sentensi inayosema "nilikosea, kisha mama mmoja akanionyesha nilipokosea," anasoma neno la kwanza tu, anaondoka. Na kodi ya chumba haisubiri. Mistari ya asilimia hata yeye anajua ni upuuzi, lakini kila mtu anayo, na asiyekuwa nayo anaonekana hana ujuzi.

Sikuwa na jibu, na bado sina lote. Mwezi uliopita mimi mwenyewe niliomba ufadhili wa utafiti, na nikaandika kwamba nina shauku ya kuleta mabadiliko katika jamii. Bibi ndiye jamii niliyokuwa nayo karibu kuliko zote, na hakuwemo kwenye barua ile. Nami nilikuwa nikitazama pembeni, kalamu mkononi. Wote wawili tunajitegemea kwa maana moja: kila mwezi tunamwandikia mtu tusiyemjua kwamba tunafaa.

Lakini hoja yake ya sekunde kumi inanisaidia zaidi mimi kuliko yeye. Kama meneja anapitia kurasa arobaini zinazofanana, ile inayofanana nazo inasahaulika. Mstari wa asilimia 85 unaweza kuandikwa na yeyote. Sentensi kama "Mkulima mmoja hasomi, anaijua menyu kwa kuhesabu, niliacha namba zake zilipokuwa, nikaongeza huduma mpya chini" haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hakukaa na mkulima huyo. Ni fupi, ina shahidi, na inaonyesha ujuzi bila kuupima kwa rula. Nilimwambia aijaribu mahali pa ile kazi ya pili. Akasema hawezi kuiandika kwa sababu hajaifanya. Hapo nikamheshimu zaidi kuliko nilivyouheshimu ukurasa wake.

Bibi alikuwa kwenye mkeka anachambua korosho, anasikia upande wangu tu wa mazungumzo. Nilipomaliza akauliza, "Mke mwenzangu, huyo rafiki yako anafanya kazi gani?" Nikamweleza kadiri nilivyoweza: kwenye simu, yeye ndiye anayepanga mbili iwe nini na tatu iwe nini. Bibi akaacha korosho.

"Kumbe ndiye aliyeihamisha mbili yangu?"

Nikamwambia hapana, siye. Akasema basi ampigie, amweleze ilipokuwa.

Walizungumza jioni ile ile, kwa ule muda wa maongezi wa elfu ishirini. Rafiki yangu alimwamkia, akajitambulisha kwa jina la baba yake na kijiji cha mama yake. Figma hakuitaja. Kisha akamwomba bibi amwimbie zile namba, na bibi akaziimba, akieleza kila moja inampeleka wapi na anajuaje kwamba amefika. Yalikwenda karibu nusu saa. Nilikuwa nimemshikia simu sikioni, mikono yake ina utomvu wa korosho.

Ukurasa bado upo. Picha ya pembeni ipo na kitufe kipo, na mteja mpya bado hajapatikana. Mistari ya asilimia imeondoka. Kwenye kazi ya pili picha ya "baada" imetolewa, na mahali pake ameandika kwamba anaifanya upya. Vile vitenzi viwili amevisahihisha kama nilivyomwambia.