Kitabu cha "Kuli" na Manamba Wetu

Mwaka 1979 Adam Shafi alitoa "Kuli", kitabu kielezacho maisha ya Rashidi, mchukuzi wa bandari ya Unguja, na mgomo wa 1948. Taabu ya wachukuzi yaonekana wazi; ila mabwana wao ni waovu tupu, hata twashindwa kuwasadiki.

Huko Uswidi, Ivar Lo-Johansson, mtoto wa vibarua wa mashamba waliolipwa zaidi kwa nafaka na maziwa kuliko fedha, alitunga kwa kuyajua maisha yao nyumbani. Desturi ile ilikomeshwa 1945.

Walimu wenzangu wa Iringa na Mbeya, wazee wetu waliokwenda kukata mkonge, wakaitwa manamba, wamebaki wachache. Tuwaulize, tuandike, maneno yao yasizikwe pamoja nao.