Flashi Kwenye Mazoezi ya Dufu

Katika miji ya pwani ya kusini, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Lindi, mazoezi ya dufu hushamiri kuelekea Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Wapigaji hawalipwi. Aghalabu ni vijana wa madrasa na watu wenye shughuli zao za mchana, ndiyo maana hukutana usiku. Kupiga picha hapo ni kazi ya mwanga mchache, na kinachoiharibu ni uamuzi mmoja usio na utetezi: kuwasha flashi iliyo juu ya kamera na kuielekeza usoni.

Kosa hilo huuma zaidi pale dufu zinapopashwa moto. Unyevu wa bahari hulegeza ngozi na mlio ukafifia, hivyo kabla ya kuanza dufu husogezwa kwenye moto mdogo hadi ngozi ikaze. Moto huo una joto la rangi la Kelvin 1,900 hivi, na huziangaza nyuso kutoka chini. Mazoezi yote hayana mwanga mwingine kama huo. Flashi, yenye Kelvin 5,500 hivi, huufuta papo hapo: moto hubaki doa la njano, vipaji vya nyuso humeta jasho, na kivuli kikavu hujichora ukutani.

Tena mwanga wa flashi hupungua hadi robo kila umbali unapoongezeka maradufu. Aliye mita 2 kutoka kwenye kamera akipimiwa sawasawa, wa mita 4 hupata robo tu, na safu ya nyuma humezwa na giza. Kikundi kizima hugeuka kuwa mtu mmoja. Na baada ya mwako wa kwanza hakuna tena mazoezi ya kupigwa picha, kwa sababu vijana wameshajipanga mstari na kunyoosha kanzu.

Watetezi wa flashi hukimbilia jina la Malick Sidibé wa Bamako. Lakini Sidibé alipiga picha za sherehe za vijana wa miaka ya 1960, waliotaka kuonekana wakipigwa picha. Kigezo cha mazoezi ni Roy DeCarava wa Harlem, aliyewapiga picha wanamuziki wa jazi kwa mwanga uliokuwepo na kuacha giza libaki giza. Tri-X, filamu iliyotamba enzi zake, ilikuwa ya ISO 400. Kamera za leo za bei ya kati hufika ISO 3200 bila chembe za kuudhi, na bado flashi huwashwa.

Kwenye moto, lenzi ya f/1.8 na shata ya 1/125 hutosha. Mikono ikiacha ukungu kidogo si hasara. Chini ya taa za LED hali hubadilika. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde; shata ya 1/100 au 1/50 huepusha mistari, ilhali shata ya kielektroniki, inayosifiwa kwa ukimya wake, huizidisha. Kanzu nyeupe na kuta za chokaa huihadaa mita ya kamera ikatia nyuso giza, kwa hiyo huongezwa stopu moja.

Mpangilio wa watu ndani ya fremu kwa kawaida hufanywa vizuri.

Ruhusa huombwa kwa ustadhi, na kwa wazazi palipo na watoto. Kikundi hupewa nakala zake, bila lile nembo la studio linalobandikwa katikati ya picha siku hizi. Mpiga picha asiyeweza kufanya kazi bila flashi angoje Maulidi yenyewe, taa zitakapowashwa zote.