Joto Lililokuwa Likitupwa: Stanford Kilivyopunguza Hewa Ukaa

Kuanzia 1987, Chuo Kikuu cha Stanford huko California kilipata umeme, mvuke na maji baridi ya viyoyozi kutoka mtambo mmoja uliochoma gesi asilia ndani ya eneo la chuo. Kwa wakati wake ulikuwa mtambo wa kupigiwa mfano. Joto lililobaki baada ya kuzalisha umeme liligeuzwa kuwa mvuke, nao ukasukumwa kwenye mabomba hadi mabweni, maabara na madarasa. Lakini gesi ni gesi. Chuo kilipokaa kuhesabu gesi chafuzi zake, karibu 90% zilitoka kwenye mtambo huo peke yake. Kwa hesabu kama hiyo, kubadilisha taa na kubandika matangazo ya kuwahimiza wanafunzi wazime swichi kusingefika mbali. Ama mtambo uguswe, ama namba ibaki ilivyo.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia kama mchambuzi. Kabla ya kuagiza mashine yoyote mpya, kikosi cha nishati cha chuo, kikiongozwa na Joseph Stagner, kilifungua kumbukumbu za matumizi ya joto na ubaridi, saa kwa saa. Mwaka una saa 8,760. Vyuo vingi huangalia bili ya mwezi, na bili ya mwezi huonyesha jumla tu. Ukiipanga kwa saa, unaona jambo ambalo jumla hulificha: kwa sehemu kubwa ya mwaka, chuo kilikuwa kinapoza baadhi ya majengo na kupasha moto mengine katika saa ile ile. Vyumba vya kompyuta na maabara vilihitaji ubaridi usiku na mchana. Mabweni yalihitaji maji ya moto ya kuogea, na asubuhi za California zina baridi hata wakati mchana wake ni wa jua kali.

Mtu akiweka mkono nyuma ya friji nyumbani atahisi joto. Hilo ni joto lililotolewa ndani ya friji, na jikoni halina kazi. Stanford kilikuwa na friji kubwa kupita kiasi, na joto lake lilipelekwa kwenye minara ya kupozea, likavukizwa hewani pamoja na maji safi mengi, katika jimbo linalopata ukame kila baada ya miaka michache. Upande wa pili wa chuo, gesi ilichomwa ili kutengeneza joto jipya. Kwa maneno mengine, chuo kililipa ili kutupa joto, kisha kikalipa tena kulitengeneza.

Dawa ilikuwa kuyaunganisha mahitaji hayo mawili. Mtambo mpya wa kati, ulioanza kazi 2015, una mashine za kupozea maji ambazo joto zinalolitoa haliendi mnarani tena. Maji yanayorudi kutoka kwenye viyoyozi, yakiwa yamebeba joto la majengo, hupita kwenye mashine hizo. Mashine hulinyonya joto, hulipandisha kwa kompresa zinazoendeshwa na umeme hadi lifike nyuzi 70 za Selsiasi hivi, kisha hulikabidhi kwa maji ya mkondo mwingine yanayokwenda kupasha majengo. Kazi moja ya umeme inaleta matunda mawili. Takriban tisa ya kumi ya joto linalohitajika chuoni sasa linapatikana hivyo, na gesi imebakishwa kwa siku za baridi kali.

Hapo kwenye nyuzi 70 ndipo penye mzigo wa mradi. Mashine za aina hii hufanya kazi kwa ufanisi zikiombwa maji ya moto. Zikiombwa mvuke, ufanisi wake unaporomoka. Mabomba yote ya Stanford yalikuwa ya mvuke. Ilibidi mtandao mzima ubadilishwe: kilomita 35 hivi za mabomba ya maji ya moto zikafukiwa upya, na majengo 155 yakabadilishiwa vifaa vya kupokelea joto. Haya yote yalifanyika chuoni ambako masomo hayasimami, na ambako maabara ikikosa joto au ubaridi kwa siku moja, utafiti wa miaka unaweza kuharibika.

Kikosi cha nishati kililigawa eneo la chuo kwa vipande. Kila kipande kilichomaliza kuwekewa mabomba mapya kilijengewa kituo kidogo cha muda, ambamo mvuke wa mtambo wa zamani ulipasha maji ya mabomba mapya. Majengo yakahamia kwenye maji ya moto hali mtambo wa zamani ukiendelea kuchoma gesi kama kawaida. Siku mtambo mpya ulipokuwa tayari, kilichobaki ni kubadilisha chanzo, kwa kuwa majengo yalikwishazoea. Nawasihi wahandisi wa vyuo vyetu wausome mpango huu wa mpito kwa makini kuliko michoro ya mashine zenyewe. Miradi mingi ya namna hii huanguka katikati ya njia, wakati cha kale kimeshavunjwa na kipya hakijaiva.

Mahitaji ya joto na ubaridi hayalingani kila dakika, kwa hiyo yakajengwa matangi: mawili ya maji baridi, kila moja la takriban lita milioni 18, na moja la maji ya moto lenye nusu ya ujazo huo. Programu ya kompyuta iliyobuniwa chuoni hapo hutabiri hali ya hewa, mahitaji ya majengo na bei ya umeme kwa siku kadhaa mbele, kisha huamua saa ya kuwasha mashine na saa ya kutumia akiba ya matangi. Maji ni ghala la bei nafuu kuliko betri, na hilo husahaulika.

Sasa karibu kila kitu kilitegemea umeme, na umeme wa gridi ya California haukuwa safi wote. Chuo kikaingia mikataba ya muda mrefu ya sola. Kituo cha kwanza, cha megawati 67, kiko kwenye jangwa la Mojave, na cha pili, cha megawati 88, kilianza 2022 huko Lemoore. Cha kwanza, pamoja na mtambo mpya, kilishusha gesi chafuzi kwa takriban 68% kutoka kilele chake. Cha pili kilipoongezwa, chuo kikatangaza kwamba umeme wake wote ni jadidifu. Msomaji aielewe vizuri kauli hiyo: ni hesabu ya mwaka mzima. Usiku, jua likiwa limezama, chuo huvuta umeme wa gridi kama jirani yeyote, na gridi hiyo bado huchoma gesi. Hesabu ni halali, lakini haimaanishi kila saa ni safi.

Gharama ilikuwa dola milioni 485. Na kuna gharama nyingine ambayo haimo katika bajeti: chuo kiliachana na mtambo wake wa kuzalisha umeme na kuwa mteja wa nyaya za nje. Juni 2022 moto wa nyika ulioitwa Edgewood ulilazimu nyaya hizo zizimwe, na chuo kikakaa siku kadhaa bila umeme wa gridi. Anayetaka kuiga mpango huu apange jenereta, betri na njia ya pili ya umeme tangu mwanzo.

Je, huku kwetu Afrika Mashariki? Mabomba ya kupasha mabweni hatuyahitaji, lakini ile njia ya kuhesabu tunaihitaji sana, kwa sababu majibu yetu yatakuwa tofauti. Chuo Kikuu cha Strathmore cha Nairobi kiliweka paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, na ni kazi ya kusifiwa. Lakini takriban 90% ya umeme wa gridi ya Kenya hutoka kwenye jotoardhi, maji, upepo na jua, kwa hiyo kila uniti ya sola huko hupunguza kaboni kidogo kuliko inavyopunguza bili. Tanzania, ambako gesi asilia imekuwa na fungu kubwa katika umeme, paneli hupunguza zaidi, ingawa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 linabadilisha hesabu hiyo.

Kaboni yetu nyingi naiona jikoni. Taasisi inayopikia mamia ya watu maharage na makande kwa kuni huunguza miti kila siku, na ile isiyopandwa tena ni hasara kamili. Serikali ya Tanzania iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na agizo hilo ni fursa ya kupima, maana gesi ya mitungi, majiko ya umeme ya presha na bayogesi ya vyoo na mabaki ya chakula havina kaboni sawa wala bei sawa.

Lipo pia somo la moja kwa moja. Hospitali ya kufundishia katika mji wa joto hupoza vyumba vya upasuaji na kuchemsha maji ya kufulia mashuka saa zile zile. Viyoyozi humwaga joto nje ya ukuta, na mita chache kutoka hapo boila inachoma dizeli. Mashine ndogo ya kunyonya joto hilo haihitaji dola milioni 485 wala kufukua barabara. Inahitaji mita kwenye kila jengo, mita ya maji ya moto kwenye chumba cha kufulia, daftari la lita za dizeli zinazoingia kwenye jenereta na boila, na, jiko likiwa la kuni, mizani getini ya kupimia kila lori, kwa mwaka mmoja kamili kabla ya zabuni yoyote kutangazwa.