Kano za Wise Child

Ukitoka Shauri Moyo kwa miguu, ukajipenyeza Gikomba hadi ukatokea upande wa Kariokor, utafika kwenye barabara inayoitwa Racecourse hadi leo. Farasi huwaoni. Kuna maduka, malori yanayoshusha mizigo, na hamali wanaolilia njia kwa mikokoteni yao. Lakini jina hilo halikuokotwa. Kabla mbio hazijahamishiwa Barabara ya Ngong mwaka 1954, farasi wa Nairobi walishindana upande huu wetu wa mashariki. Na ni huku, mwaka 1926, ambako farasi jike mwenye miguu mibovu alishinda mbio za St Leger za Kenya. Jina lake Wise Child. Nataka kuchambua jinsi jambo hilo lilivyowezekana, kwa sababu kwa hesabu ya kawaida halikuwezekana.

Aliyemfunza ni Beryl Markham, ambaye wengi humkumbuka kwa urubani: mwaka 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi. Kabla ya ndege alikuwa mtu wa farasi, mwanamke wa kwanza kupewa leseni ya ufunzaji wa farasi wa mbio nchini Kenya. Mkasa wenyewe aliusimulia katika kitabu chake cha mwaka 1942, West with the Night. Tumaini lake katika St Leger lilikuwa dume aitwaye Wrack. Wiki kumi na mbili kabla ya mbio, mwenye Wrack alimwondoa akampeleka kwa mfunzi mwingine. Akabaki na Wise Child, mali ya Eric Gooch, jike wa damu nzuri ambaye kano zake zilikuwa zimeharibiwa na mazoezi makali.

Hapo kwenye kano ndipo penye mambo. Chini ya goti, mguu wa mbele wa farasi hauna msuli. Kuna mfupa, ngozi na kano, basi. Misuli iko juu, nayo huvuta kano kama kamba. Ukwato ukikanyaga, kano ya nyuma hunyooka. Ukwato ukiinuka, kano hujirudi kama springi na kurusha mguu mbele. Farasi wa mbio hukaribia kilo 500, na anapokwenda shoti kuna nukta ambayo mguu mmoja wa mbele hubeba peke yake zaidi ya mara mbili ya uzito huo. Kila mnyooko huacha joto. Waulize mafundi wa vyuma wa Kamukunji: kunja waya huku na huku, kisha gusa panapokunjika, utajiunguza kidole. Kano ni hivyo hivyo, tena haina damu nyingi ya kuipoza, na katikati yake joto linaweza kupita nyuzi 40. Nyuzi zake zikichanika, hupona kwa miezi na kwa kovu, na kovu halinyumbuki kama kano ya kuzaliwa nayo.

Sasa tazama mtego aliokuwamo mfunzi. St Leger ilikuwa ya maili moja na robo tatu, yaani mita 2,800 hivi. Pumzi na moyo wa kumaliza safari hiyo hujengwa kwa kazi ya wiki nyingi. Lakini kila mbio za kasi zinazojenga pumzi hula kano. Ukimpumzisha farasi, atafika siku ya mbio na miguu mizima bila pumzi. Ukimkimbiza, atafika na pumzi bila miguu.

Njia ya kutokea ni kutenganisha mambo hayo mawili. Moyo haujali sana ni kasi gani iliyouchosha. Mwendo mrefu wa telki, siku baada ya siku, huujenga vizuri. Kano ndiyo inayohesabu kasi na ugumu wa ardhi. Basi kazi ya Wise Child ilifanyiwa kwenye ardhi yenye unyevu kando ya ziwa, kule Bonde la Ufa. Hapa watu hukosea wakidhani ulaini wowote ni dawa. Tope zito ni adui: ukwato huzama, kisigino hushuka, kano huvutwa zaidi ya kawaida. Aliyewahi kusukuma mkokoteni Gikomba baada ya mvua anajua nguvu inapopotelea. Kinachofaa ni ardhi inayobonyea kidogo kisha ikakataa, ile ambayo ukwato huacha alama kamili bila kumeza kifundo.

Hata hivyo, ardhi peke yake haitoshi bila mkono wa binadamu. Markham alikuwa na arap Ruta, aliyekua naye tangu utotoni Njoro, na wawili hao ndio waliokuwa na mnyama huyo asubuhi na jioni. Kazi hiyo ya mkono nimeiona kwa macho yangu Jumapili moja, kwenye uwanja wa Ngong Road. Saisi mmoja alichuchumaa kando ya mguu wa farasi, akapitisha kiganja nyuma ya mfupa, taratibu, kutoka gotini kushuka. Akarudia mguu wa pili. Alikuwa akilinganisha joto. Tofauti ndogo kati ya mguu wa kulia na wa kushoto humwambia kwamba huenda nyuzi zimeanza kuchanika, siku kadhaa kabla farasi hajachechemea. Wakati wa Markham hapakuwa na mashine ya kupiga picha ndani ya kano. Kiganja kilikuwa ndicho kipimo.

Siku ya mbio zamu ilikuwa ya mpandaji, Sonny Bumpus. Wrack alitangulia. Bumpus alimzuia Wise Child nyuma, na sababu yake ni ile ile ya kano: mwenye akiba ndogo ya hatua za kasi hazitumii mwanzoni. Katika mbio za mita 2,800 wa mbele hulipia uongozi wake kwa pumzi. Jike akapanda polepole, akamfikia, akampita. Katika kipande cha mwisho miguu ilianza kumtoka, na alivuka mstari akiwa anaendeshwa na pumzi zilizojengwa ziwani.

Nasema wazi kwamba mimi nisingethubutu. Kano ile ingeweza kukatika mbele ya umati, na farasi aliyekatika kano kwa kasi ile mara nyingi hapati nafasi ya pili. Naustahi ufundi, na bado namwogopea mnyama yule miaka mia baadaye.

Mbio zilipokwisha Jumapili ile, nilimtafuta tena yule saisi. Farasi wake alikuwa wa nne. Wenye farasi wengine walikuwa wakipeana mikono. Yeye alikuwa ameshachuchumaa, kiganja nyuma ya mfupa, akishuka kutoka gotini.